Meza ya Gredi ya Tatu

Vijana wa yadi ya mbao wameniomba niandike machache kabla sijarudi Maragoli kulima mahindi yangu. Najua wangependa kusikia nilivyopanda cheo na wakubwa gani walinipa mkono. Hayo nayaacha. Vyeo vinasahaulika, na wakubwa wenyewe wamekwisha kunisahau. Nitaandika juu ya mbao, maana ndizo zilizonilisha, na juu ya watu wawili walionifundisha kuzitazama. Wa kwanza alinifundisha nikiwa sijui kitu. Wa pili alinifundisha nikiwa nimejiona nimehitimu, na kabla sijafundishika nusura nimwangamize.

Nilifika Eldoret kwa miguu kupitia Kapsabet, nina cheti cha darasa la nne na shati moja. Siku hizo wengi wetu tuliuita mji Sisibo, kwa ile namba ya shamba, sitini na nne, ambayo mji umejengwa juu yake. Magari ya ng'ombe ya Makaburu yalikuwa bado yakishindana na malori kubeba magogo, na msimu wa mvua ng'ombe walishinda. Nimewahi kuona lori limezama matope huko Soy siku tatu, dereva amekaa juu ya gogo anakula ndizi, na ng'ombe kumi na sita wanampita bila kumtazama.

Yadi yetu ilikuwa karibu na stesheni ya reli. Mwenyewe alikuwa Kaburu mnene tuliyemwita Bwana Tumbako, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni hata alipofoka. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Wewe najua hesabu?"

"Najua, Bwana."

"Najua mbao?"

Nikasema najua, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza mjini. Nilikuwa nimekulia chini ya miti, lakini mti na mbao ni vitu viwili. Akanipa chaki ya bluu, ile ngumu yenye mafuta isiyofutika kwa mvua, akanyoosha kidole kuelekea kwa Kalasinga aliyekuwa akinoa msumeno nyuma ya banda.

Huyo ndiye Mehar Singh, fundi mkuu na mpangaji wa gredi. Kilemba chake kilikuwa cheupe Jumatatu asubuhi, na kufika saa nne kilikuwa rangi ya unga wa mbao kama sisi wengine wote. Hakusema na mtu kabla ya kunywa chai. Alipomaliza kikombe alilaza mbao ya loliondo mbele yangu. Loliondo ni ule mti wa msitu wa Elgon ambao Wazungu wanauita tiki, mzito, wa kahawia, wenye michirizi myeusi inayopita ndani yake. Hiyo ilikuwa imetulia mno. Sikuwa nimeona kitu kizuri namna hiyo kilichotengenezwa na msumeno.

"Gredi gani?"

"Nzuri sana, Fundi. Ya kwanza."

Alishika ncha moja, akanionyesha kwa kidevu nishike nyingine, tukaigeuza. Upande wa pili ulikuwa na shimo la kuingiza ngumi, ganda la mti limebaki pembeni, na matundu ya wadudu kana kwamba mtu aliichoma kwa sindano.

"Wewe tazama ile mbaya kwanza," akasema. "Zuri hapana haraka. Zuri nangoja wewe."

Watu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mbao ni kinyume. Kibaya kimelala chini kimetulia, na asiyegeuza ndiye atakayekwenda nacho nyumbani. Ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii, nanyi vijana mnaifahamu, ila mnaifahamu kwa mdomo. Gredi ya mbao ngumu inatolewa kwa uso mbaya. Uso mzuri haupigi kura.

Kanuni ya pili ilinichukua mwaka mzima kuielewa. Mimi nilidhani gredi ni uzuri. Mehar alikuwa na fito moja ya mwerezi, urefu wake futi tatu, imelainika kwa kushikwa. Aliilaza juu ya mbao kati ya kifundo na kifundo, kati ya ufa na ufa, na kila ilipoenea bila kugusa kasoro alihesabu kimoyomoyo. Ikiwa uso mbaya unatoa vipande safi virefu kama mtu na vipana kama viganja viwili, karibu mbao nzima, hiyo ni ya kwanza. Ikiwa fito inaenea mara kadhaa na kilichobaki ni kidogo, ya pili. Ikiwa nusu yake tu ni safi, tena kwa vipande vifupi vya mkono mmoja, ya tatu. Iliyobaki ni ya nne, ya masanduku na ya kuni.

"Sasa sema," akaniuliza siku moja, "ya kwanza na ya tatu, mti tofauti?"

"Mti mmoja, Fundi."

"Ngumu tofauti?"

"La."

"Rangi?"

"Ni ile ile."

"Basi tofauti gani?"

Alinitazama kwa huruma, akaenda zake kunywa chai ya pili. Jibu nililipata siku mama mmoja wa Kizungu alipokuja kutoka shambani kwake upande wa Soy kununua mbao za vigoda sita. Alitaka gredi ya kwanza wala hakusikia la mtu. Tukamkatia mbao nne za futi kumi, safi pande zote mbili, na fundi wake akazikatakata pale pale kwenye yadi vipande vya urefu wa kiwiko ili zienee kwenye gari. Mehar aligeuza uso asione. Vipande vile vile vingetoka gredi ya tatu, kati ya vifundo, na hakuna mwenye macho duniani ambaye angejua.

Kwa hiyo anayekuja kununua mbao za samani mwulizeni kwanza, kipande chako kirefu kuliko vyote ni kipi? Mguu wa nyuma wa kiti hauzidi futi tatu na nusu. Mbavu za kiti ni fupi zaidi. Anayetengeneza viti halafu ananunua gredi ya kwanza ananunua urefu ambao ataukata mwenyewe. Meza ndefu na kitanda ni habari nyingine. Gredi inakuambia utapata vipande safi vya urefu gani. Uzuri hausemi, ugumu hausemi, na ukavu hausemi kabisa. Nimeona gredi ya kwanza iliyotoka kwenye msumeno juzi ikipindana ndani ya nyumba mpaka droo zikakataa kufunguka.

Ukavu nao Mehar aliupima kwa njia zake. Aligonga mbao kwa fundo la kidole akasikiliza. Aliinusa, maana loliondo mbichi ina uchachu wake. Aliishika shavuni. Nilimcheka siku ya kwanza, na siku ya pili nikajaribu kwa siri nyuma ya rundo: mbao yenye maji ni baridi shavuni kuliko jirani yake. Kila tabaka la rundo aliliwekea fito nyembamba ili hewa ipite, na fito zote zilipangwa wima moja juu ya nyingine. Ikipotoka moja alituambia tushushe rundo zima. Tulimlaani kwa Kimaragoli, kwa Kinandi na kwa Kiluo, naye akitusikia akacheka, kwa sababu matusi yote matatu alikuwa akiyajua.

Nilifanya naye kazi miaka mingi. Sijaona tena mtu aliyeijua kazi yake namna ile bila kujisifu. Alipozeeka alikwenda kukaa na wanawe Kisumu. Siku ya kuondoka alinipa ile fito ya mwerezi mkononi na kusema tu, "Geuza." Nikaigeuza fito nikidhani kuna kitu upande wa chini. Alicheka mpaka akashika nguzo.

Basi nikawa mimi mpangaji wa gredi, au karani kama watu walivyoniita, Mwafrika wa kwanza katika yadi ile. Nilinunua koti. Mbao ikipita mbele yangu nilitoa hukumu mara tu ilipogeuzwa, kabla waliobeba hawajaishusha, na chaki yangu iliandika tarakimu yenye mkia mrefu ili watu wajue ni mkono wa nani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Sasa nifike kwa wa pili.

Fundi Barasa alikuwa Mbukusu, mwembamba, mpole, mkubwa wangu kwa miaka michache. Alikuwa na kibanda cha useremala ng'ambo ya mto Sosiani, nguzo sita na mabati ya kuokoteza. Alikuja yadi kila Jumamosi asubuhi na mkokoteni wake.

Hapa lazima niseme jambo lisilopendeza. Katika yadi yetu Mwafrika hakuuziwa gredi ya kwanza wala ya pili. Haikuandikwa popote. Ilikuwa desturi tu: ya kwanza ilipakiwa kwenye reli kwenda Kilindini au kwenye nyumba za Wazungu, ya pili ilikwenda kwa maduka makubwa ya samani, na Mwafrika alionyeshwa rundo la gredi ya tatu lililokuwa nyuma, karibu na choo. Aliyewaonyesha nilikuwa mimi. Nilivaa koti na nikaonyesha kwa kidole.

"Mulembe, Karani," Barasa alinisalimu.

"Mulembe, Fundi. Leo tena?"

"Leo tena."

Kisha alianza kugeuza. Rundo zima, mbao thelathini au arobaini, moja moja, peke yake. Anatazama huku, anatazama kule, anaweka kando, anarudia. Mwisho wa yote alichukua mbili, pengine moja. Jambo hili lilinikera ajabu, ingawa lazima nikiri kwamba alirudisha rundo likiwa limepangwa vizuri kuliko alivyolikuta.

"Fundi, hii si soko ya viazi," nilimwambia. "Chukua ya juu uende. Zote ni gredi ya tatu. Mimi mwenyewe nimezipima."

"Karani, wewe kazi yako umemaliza. Wacha nifanye yangu."

Ikawa hivyo kwa miaka sita. Viti vyake vilianza kuonekana mjini, kwenye nyumba za makarani, kwa walimu wa Cheptiret, hata kwa mchungaji wetu. Vilikuwa viti vizuri. Nilivikalia na kusema moyoni, si ajabu, kiti ni vipande vifupi.

Mwaka ule ambao ninataka kuusimulia, amri ilitoka kwamba vibanda vya Waafrika vya kazi za mikono vilivyo karibu na mto viondolewe. Cha Barasa kilikuwa kimoja. Alikwenda kwa afisa wa wilaya, tuliyemwita Bwana Dio, kijana mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni. Bwana Dio alimsikiliza, akamwambia holi jipya la lokesheni, mtaa wa Waafrika, linahitaji meza ya baraza na viti vyake. Atengeneze. Kazi ikiwa ya fundi kweli, atapewa barua ya kuacha kibanda chake pale alipo. Kazi ikiwa mbovu, kibanda kitavunjwa pamoja na vingine. Barasa alikuwa na watoto watano na hakuwa na shamba, maana ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana. Kibanda kile ndicho kilichokuwa shamba lake.

Alikuja kwangu siku ya kazi badala ya Jumamosi, kofia mkononi.

"Karani, viti naweza. Shida ni meza. Inataka futi nane, mbao tano. Niombee gredi ya kwanza, hii mara moja tu."

Nilikwenda kwa Bwana Tumbako. Hakutoa hata kiko. "Hapana. Yeye nataka kwanza, kesho wote nataka kwanza." Nikarudi nikamwambia Barasa haiwezekani.

"Haya," akasema. Akavaa kofia, akaenda nyuma, kwenye rundo la tatu.

Jumamosi iliyofuata alichukua mbao moja. Iliyofuata hakuchukua hata moja. Iliyofuata, moja. Ziliendelea kutoka hivyo, nami nikaziandika kitabuni bila kuinua kichwa. Nilimhurumia, nasema kweli. Nilidhani anajisumbua bure.

Meza ilipokamilika, Bwana Dio alimwomba Bwana Tumbako aje aitazame, kwa kuwa ni mtu wa mbao. Bwana Tumbako akanichukua mimi. Tulikwenda alasiri. Holi lilinukia chokaa mbichi. Barasa alikuwa amesimama karibu na mlango, amevaa shati la kanisani, na askari mmoja wa lokesheni alikuwa ameegemea ukuta akingoja kuona.

Nimeziona samani nyingi. Meza ile ilinifanya nivue kofia bila kujua. Futi nane, mbao tano zimeungwa mpaka maungio hayaonekani, na michirizi myeusi inatoka mbao moja kuingia nyingine kana kwamba mti uliota ukiwa meza. Hakuna kifundo. Hakuna ufa. Nilipitisha kiganja kutoka ncha hadi ncha. Niliinama nikatazama kwa jicho moja, nikagonga, hata shavu nililaza. Bwana Dio alikuwa akinitazama, na nilitaka aone jinsi karani wa yadi anavyofanya kazi.

"Wewe," akasema Bwana Tumbako, "hii gredi gani?"

"Ya kwanza, Bwana," nikasema, kwa sauti ya kujivuna. "Ya kwanza kabisa."

Neno lilitoka kabla ya akili. Niliona shingo ya Bwana Tumbako ikiwa nyekundu.

"Kwanza? Mimi hapana uza kwanza kwa huyu mtu! Hata moja! Huyu iba. Huyu naingia yadi yangu naiba!"

"Bwana, mimi sijaiba," Barasa alisema.

"Nyamaza! Karani yangu nasema kwanza. Wewe toa wapi kwanza?"

Bwana Dio alinigeukia. "Je, una hakika na gredi hiyo?"

Mungu anisamehe: nilikuwa na hakika. Zaidi ya hayo, kwa muda ule mfupi nilisadiki kwamba Barasa ameiba. Mtu niliyesalimiana naye kila Jumamosi miaka sita. Nilianza hata kuwaza ni usiku upi mlinzi alilala. Nikatikisa kichwa kusema ndiyo, na Bwana Dio akaguna, akamwashiria askari. Askari akamshika Barasa mkono. Nikamsikia Bwana Dio akisema polepole kwamba basi hapatakuwa na barua, kibanda kitavunjwa Jumatatu, na shauri la wizi litakwenda polisi.

Barasa hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Karani," akasema. "Geuza."

Miaka ishirini nilikuwa sijaipa mbao gredi bila kuigeuza, hata mbao ya kibanda cha kuku. Na siku ambayo riziki ya mtu ilikuwa juu ya neno langu, nilitazama uso mzuri nikatoa hukumu, kwa kuwa mbao ilikuwa na miguu minne na mimi nilikuwa na koti.

"Bwana," nikasema, "nimekosea. Sikuigeuza."

"Nini?" Bwana Tumbako aling'aka. "Wewe nasema kwanza! Sasa nasema nini? Wewe nataka kazi au hapana taka?"

Niliogopa. Siwezi kuwadanganya. Mke wangu alikuwa na mimba na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya yadi. Lakini nilikwisha kushika ncha ya meza, na haikuinuka, loliondo ya inchi mbili si mchezo.

"Sijatoa gredi bado, Bwana," nikasema. "Gredi inatolewa kwa uso mbaya. Nilisema kabla ya kuuona."

Bwana Dio alinitazama, akamtazama Bwana Tumbako, kisha akamwambia askari, "Mwachilie. Msaidie huyu."

Mimi na askari tukainua, tukailaza meza kichwa chini miguu juu.

Chini yake kulikuwa na kila aibu ambayo mti wa msituni unaweza kupata. Ganda. Weupe wa nje. Matundu ya wadudu. Mifuko ya utomvu ambayo Barasa aliichokoa na kuiziba kwa vipande vidogo vilivyokaa barabara. Hakupoteza kazi pasipoonekana: alipiga randa pale tu ambapo miguu na mbavu zinakaa, pengine pote aliacha meno ya msumeno. Na kwa kuwa hakupiga randa, chaki ilikuwa bado pale. Mbao tano, na kwenye kila moja tarakimu tatu ya bluu, yenye mkia mrefu.

Bwana Tumbako alichuchumaa kwa shida, akasugua tarakimu moja kwa kidole gumba. Haikufutika.

"Hii yako?"

"Yangu, Bwana. Zote tano."

Ndipo nilipoelewa kile alichokuwa akikitafuta Jumamosi zote zile. Kanuni yetu inaishusha mbao kwa ajili ya uso mmoja. Nyingine ni mbaya pande zote, lakini nyingine ubaya wake uko upande wa ganda tu na hauingii hata nusu inchi. Juu yake ni safi sawa na ile iliyokwenda Kilindini. Sisi tuliziita zote gredi ya tatu, tukazitupa karibu na choo. Na meza, tangu meza zianze, huonyesha uso mmoja. Mimi mwenye fito na chaki sikuwahi kulifikiri hilo. Mehar Singh mwenyewe hakuwahi kulisema.

Bwana Dio alikuwa amepiga goti akipapasa vile viraka vidogo. "Nani alikufundisha hivi?" akamwuliza Barasa.

"Hakuna, Bwana. Ukipewa ya tatu peke yake, utaijua tu."

Barua iliandikwa pale pale, juu ya kimoja cha vile viti. Bwana Tumbako alitoka nje bila kuaga na akanikazia macho nilipopita, ila hakunifukuza. Nadhani alihesabu itamchukua muda gani kupata mwingine. Askari aliitwa kwingine. Tukabaki mimi na Barasa, na meza iko miguu juu katikati yetu.

Nilianza kusema. Nilisema mengi, sikumbuki yote. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Alikuwa akiikunja barua ile mpaka ikawa ndogo, tena ndogo zaidi.

"Eliakimu," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Ungeniuliza tu."

Nimestaafu, na neno lile bado nalisikia.

Wiki ile yote sikulala vizuri. Jumamosi nilikaa kwenye meza yangu ya karani nikitazama lango, nikijiambia hatakuja, atakwenda kununua kwingine, na ana haki. Saa tatu nikasikia gurudumu la mkokoteni. Alipita mbele yangu.

"Mulembe, Karani."

"Mulembe, Fundi."

Akaenda nyuma, akaanza kugeuza peke yake kama kawaida. Karani wa gredi habebi mbao za wanunuzi; hata wachukuzi wangenicheka, na walicheka. Nilivua koti nikalitundika kwenye msumari, nikaenda nikashika ncha ya pili. Barasa alinitazama kidogo, akaishusha mbao ile, akachagua nyingine iliyo nzito zaidi.

"Polepole," akasema. "Hii naidhania ina kitu."

Tukaigeuza. Tuligeuza hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka king'ora cha saa sita kilipolia, na wachukuzi wakawa wamechoka kucheka.